Kutoka mivinje hadi misonobari: shajara ya safari ya familia, Malindi hadi Taita

10 Mei 2025. Wazo na bajeti

Mwanangu wa mwisho ndiye aliyeanza. Alichora nyumba ya mbao katikati ya miti mirefu, moshi unatoka juu ya paa, akaniuliza kama kuna mahali hasa pa namna hiyo mtu akaweza kulala. Nikamwambia pako, tena si mbali. Nikawa nimejifunga mwenyewe.

Tuko wanane: mimi na Baba Salma, watoto watatu, mama yangu, kaka yangu na mkewe. Kaka ana Noah, kwa hivyo gari lipo. Tunataka kulala siku tatu mwezi wa Agosti, shule zikifungwa, kwenye nyumba ya mbao ndani ya msitu wa misonobari mlimani. Bajeti ni 50,000. Nitaandika kila hatua na bei yake, maana kila niliyemuuliza hapa Malindi alinijibu "ni pazuri, nendeni" na hakuna aliyenitajia hata shilingi moja.

Mlima Kenya tumeuacha. Ni siku nzima na ushei barabarani, na magoti ya mama hayaupendi mkao mrefu. Lushoto ya Tanzania nayo ina misonobari mingi, lakini ni kuvuka mpaka na makaratasi ya watoto watatu. Taita ndiyo milima iliyo karibu nasi.

Mama alisikiliza mpango wote akiwa anachambua mchele, kisha akasema, "Mwalipa pesa mkatafute baridi? Na hiyo misonobari yenu si mivinje tu?"

Ana haki kidogo. Ukiwa mbali, mvinje wa ufukweni na msonobari vinafanana, na upepo ukipita huvuma sauti moja. Lakini si ndugu. Sindano ya mvinje ni kijiti chenye vifundo, ukikivuta kinaachana vipandevipande. Ya msonobari ni jani zima, hutoka kwa vishada, na mti wenyewe una utomvu unaonata vidoleni mpaka uutoe kwa mafuta. Tena misonobari ya Taita haikujiotea, ilipandwa. Asili ya aina iliyozagaa Kenya ni Meksiko. Msitu wa asili, kama Ngangao, uko pembeni yake na ni kitu kingine kabisa.

24 Mei. Elfu nne zimekwenda

Nilipata picha ya nyumba nzuri mno, ya magogo, paa limechongoka kama sambusa. Aliyeitangaza alisema iko Taita, akataka 4,000 za kushikia nafasi. Nikatuma kwa simu. Usiku Salma, ana miaka kumi na minne, akaikuza ile picha, akaniita. "Mama, hii nyeupe kwenye pembe ya paa ni nini?" Nikamwambia rangi. Akanitazama kwa huruma. Ilikuwa theluji.

Namba haikupatikana tena. Naliandika hili kwa aibu, lakini mtu atakayefuata njia yangu ajue pesa ya kwanza niliyotumia ilinunua theluji ya nchi nisiyoijua.

Dawa niliyoipata ni kutolipa mpaka mwenye nyumba apokee simu ya video akiwa amesimama nje, aelekeze kamera kwenye miti, kisha mlangoni, kisha kwenye meko, bila kukata. Na bora kuliko hiyo ni kumpata mtu aliyefika kwa miguu yake. Jirani yetu mmoja ni mwalimu, Mtaita, na dada yake anakaa juu ya Wundanyi. Kupitia kwake tukampata mzee anayetunza nyumba ya mbao ya vyumba vitatu, pembeni mwa misonobari, upande wa Ngangao. Nyumba nzima 7,000 kwa siku.

Nikampigia video saa kumi jioni. Ukungu mtupu. Nililoliona ni shina moja la mti na kofia ya mzee. Akacheka: "Mama, msitu uko, umejifunika." Nikamwamini kuliko zile picha zote. Tumekubaliana kulipa thuluthi sasa, na salio tukifika.

14 Juni. Ni baridi kiasi gani?

Kosa la pili ni la Baba Salma, na ameniruhusu kulitaja. Alifungua simu akatafuta hali ya hewa ya Voi, mji ulio chini ya milima ya Taita, akakuta nyuzi 19 usiku. "Mama Salma, hii ni Malindi ikinyesha tu. Shuka zatosha."

Voi haifiki mita 600 kutoka usawa wa bahari. Nyumba yetu iko kwenye mita 1,700 hivi. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita au saba, kwa hivyo toa saba kwenye zile 19, ubaki na 12. Hapo bado hujahesabu ukungu na upepo. Kusi hii hii inayotuletea rasharasha hapa pwani, ikigonga milima ya Taita hupanda juu na kugeuka ukungu, na Julai na Agosti ndiyo miezi yenyewe. Anayeweza kwenda Januari au Februari atapata jua zaidi, lakini watoto wangu wana shule.

Nyumbani kwetu tuna mablanketi mawili, na hutoka kabatini mtu akipata homa.

Nguo zilikuwa rahisi. Malindi sweta nzito hulala chini kabisa ya rundo la mitumba na muuzaji hufurahi ukiiokota. Masweta manane, kofia na soksi, jumla 2,350. Za wavulana nilichukua za pamba kwa sababu ya rangi, nikazifua, zikakauka siku ya pili. Nikawaza kwenye ukungu itakuwaje. Nimerudi nikabadilisha kwa sufu. (Sufu ni ya kondoo, sufi ni ya mti. Zote mbili nimezihitaji, soma hapa chini.)

28 Juni. Mifarishi ya sufi: moja mbaya, moja nusu, tatu nzuri

Mzee alisema kila kitanda kina mablanketi mawili, "mepesi kidogo". Mtaita akisema mepesi, mtu wa Malindi aelewe hayapo. Duveti nzito dukani zinaanzia 3,500, nami nahitaji tatu. Mimi ni fundi cherehani, na sufi tunaijua tangu mito ya bibi zetu, kwa hivyo nimeshona mwenyewe.

Vifaa: sufi kilo 5 iliyotolewa mbegu, 1,250, marikani yenye upana wa sentimita 150, mita 12, kwa 2,160. Jumla 3,410, uzi nilikuwa nao. Kila mfarishi unakula mita 4 za kitambaa na kilo moja na nusu ya sufi, au zaidi kidogo.

Wa kwanza niliushona kama mto mkubwa: mfuko, nikajaza, nikafunga. Ukiulaza chini unapendeza. Ukiuinua, sufi yote inakimbilia miguuni, juu unabaki na marikani mbili. Baba Salma alijifunika kwa majaribio, akasema anajihisi amefunikwa na gunia la mahindi lililopungua.

Nikafumua. Jaribio la pili nikashona mistari ya kwenda chini, mifereji sita, nikajaza kwa mpini wa mwiko. Nafuu, lakini baada ya kuukung'uta mara tatu sufi ilikuwa imeteremka ndani ya mifereji ile ile.

Kilichofaa ni miraba, na siri yake ni mpangilio wa kazi. Shona pande tatu za mfuko. Shona mifereji sita ya sentimita 25. Tia konzi moja ya sufi katika kila mfereji, isukume hadi chini, kisha pitisha mshono wa kukata, upande hadi upande, kuifungia humo. Tia konzi nyingine, funga tena. Safu nane, miraba 48. Ukijaza kwanza ukataka kushona miraba baadaye, sindano itakanyaga sufi, mguu wa cherehani utapanda kama punda mkaidi, na mshono utakuwa matundu. Nilitumia sindano namba 16 na mshono mrefu.

Zima feni. Hili sikuambiwa na mtu. Siku ya kwanza feni ilikuwa inazunguka, nikafungua mfuko wa sufi, na kwa dakika moja chumba kilikuwa kama ile picha ya tapeli. Watoto walipiga chafya mpaka magharibi. Funga dirisha, jifunge leso puani, toa sufi kidogo kidogo.

Nitajuaje kama inatia joto, na mimi niko Malindi? Jirani anauza barafu, ana friza kubwa ya kulala. Nilijaza chupa mbili za lita moja kwa maji ya moto ya kuoga, moja nikaizungushia kipande cha mfarishi, nyingine blanketi letu la homa lililokunjwa mara mbili, nikaziacha frizani kwa muda wa saa mbili. Ya blanketi ilitoka baridi kabisa. Ya sufi ilikuwa bado vuguvugu, ningeweza kumnawisha mtoto uso. Nikashona mingine miwili usiku huo.

Tahadhari moja: sufi hushika moto upesi sana. Mfarishi usikaribie meko wala mshumaa.

12 Julai. Kaka apanda kukagua

Kaka alikuwa na abiria wa Voi. Nikampa 1,500 apande mpaka kwenye nyumba. Katika pesa zote za mradi huu, hizi ndizo zilizofanya kazi kubwa.

Nyumba ipo, mbao zake nzuri, choo ndani, maji ya bomba "yanauma meno". Akawasha meko. Baada ya dakika kumi sebule yote ilikuwa moshi, akatoka nje analia machozi. Dohani ilikuwa imeziba kwa masizi, na juu kabisa ndege amejenga. Mzee hakuwa na habari, wageni wake wa mwisho walikuja wakati wa joto. Ameahidi kuifagia wiki hii, na kweli alituma video, ndoo mbili za masizi.

Sababu ni kuni. Wageni huokota misonobari iliyoanguka kwa kuwa ipo mlangoni. Ina utomvu, huruka cheche, na ikiwa mbichi huacha masizi ndani ya dohani. Mzee mwenyewe huchoma mkaratusi mkavu, na vipande vyenye utomvu wa msonobari huvitumia kuwashia tu. Tumeagiza mizigo mitatu ya mkaratusi, 300 kila mmoja.

Kaka akarudi na ushauri wake: tuachane na meko, tubebe majiko mawili ya makaa, moja kila chumba, usiku kucha. "Dada, makaa yakishakuwa mekundu hayana moshi."

Hapo tuligombana. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo hushika nafasi ya hewa safi ndani ya damu. Aliyelala haamki. Hapa kwetu tumezoea jiko kwa sababu nyumba zinapumua: madirisha wazi, ua, makuti. Nyumba ya mbao iliyofungwa kwa sababu ya baridi haipumui. Kaka alinyamaza lakini uso haukukubali. Nimenunua kengele ya betri inayolia ikiinusa gesi hiyo, 2,800, imetoka Mombasa. Kaka akaiita mbwa asiyebweka.

26 Julai. Njia

Baba Salma alipenda tukate ndani ya Tsavo Mashariki, tuingie lango la Sala na kutokea Voi, tuone ndovu njiani. Kwenye ramani ni fupi. Lakini ni mbuga, kila kichwa kinalipiwa kiingilio, na barabara ya vumbi kwa Noah yenye watu wanane na mizigo juu sikuiafiki. Treni nayo tuliihesabu: husimama Voi vizuri, lakini kufika stesheni ya Miritini kutoka Malindi ni safari ya peke yake, na ukishuka Voi unatafuta matatu ya kupanda mlima na mizigo yote.

Tumeamua Kilifi, Mavueni, Kaloleni, Mariakani, kisha barabara kuu mpaka Voi. Hiyo inatuepusha na foleni ya Mombasa. Voi tukunje kwenda Mwatate, tupite mashamba ya mkonge, tupande Wundanyi. Sharti la mzee: tufike kabla ya saa kumi, ukungu ukishuka kona hazionekani.

6 Agosti. Mizigo

Mboga hatubebi. Wundanyi ni kwa mboga, nyingine hushuka mpaka Mombasa, kwenda nazo ni kupeleka maji baharini. Nyama halali tutanunua Voi. Tumebeba nazi kumi, mchele, samaki wa kukausha, sufuria ya presha. Presha si anasa: kwenye mita 1,700 maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na maharagwe hayajali kwamba umeyaona yakitokota.

Viatu vya kufunika kwa wote. Sindano za misonobari zilizokauka chini huteleza kama sakafu yenye sabuni, ndala hazifai. Mifuko minne ya mpira ya maji moto, 1,800, nimeishonea mavazi ya flaneli.

Kaka amepakia gunia dogo la makaa na jiko moja. "Ya kuchomea samaki, nje," akasema. Nimeona.

11 Agosti. Tumerudi jana

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri tarehe 7, tukafika saa tisa alasiri. Mtoto wa kati alitapika kona ya tatu baada ya Mwatate, na ndimu ya kunusa ilikuwa ndani ya begi, begi juu ya paa. Iwekeni mkononi.

Mahesabu ya baridi yalikuwa sawa, usiku wa kwanza kipima joto cha mzee kilisoma 12. Mambo ambayo sikuyahesabu ni mawili. La kwanza ni mafuta ya nazi. Mama aliamka kupaka nywele akaikuta chupa imeganda, nyeupe kama mshumaa, akaipindua kichwani pake mara tatu bila tone kutoka. "Hata mafuta yamekufa," akasema, akaitia kwapani ikalainika. La pili ni udhu. Maji yale alfajiri ni adhabu. Siku ya pili tulijaza birika usiku na kuliweka karibu na meko yaliyofifia, likawa na uvuguvugu wa kutosha wote.

Nazi kumi, na mbuzi ya kukunia tuliisahau Malindi. Mke wa kaka alizipasua akazichokoa kwa kisu, akazitwanga kwenye kinu cha yule dada wa jirani yetu mwalimu. Tui lilitoka zito kuliko la mbuzi, asema yeye. Mimi sikubishi, aliyetwanga ni yeye.

Siku ya pili tulilipa kiingilio na kijana wa kutuongoza, 1,600 kwa jumla, tukaingia Ngangao. Watoto waliona tofauti bila kuambiwa: chini ya misonobari kumekauka, kimya, sindano tupu; hatua chache ukiingia msitu wa asili kuna kuvu, kamba za miti, ndege. Kijana alitueleza kuna ndege wanaopatikana milima hiyo tu, duniani kote. Tulimsikia mmoja. Hatukumwona.

Sasa ile ya jioni ya tatu. Kaka alikuwa anachoma samaki barazani. Rasharasha ikaanza, akaliingiza jiko jikoni "dakika mbili", akafunga mlango wa nje baridi isiingie, akaendelea kugeuza samaki. Sisi tuko sebuleni na mlango wa jikoni uko wazi kwa ndani. Haikupita nusu saa kengele ikalia, mlio mkali, mtoto mdogo akadhani ni gari. Nilifungua milango yote, nikawatoa nje kwenye mvua. Mama alitoka na sahani yake mkononi, hakuiacha. Mke wa kaka alisema kichwa kilikuwa kinamgonga tangu magharibi akadhani ni mlima. Kaka alilibeba jiko akalitua nje kwenye majani yaliyolowa, akasimama nalo huko muda mrefu, mvua inamnyea.

Hakusema kitu. Alipoingia, aliichukua ile kengele juu ya kabati, akaipangusa kwa shati, akairudisha pale pale.

Usiku huo upepo ulivuma sana kwenye misonobari. Mama, chini ya mfarishi wake, akasema gizani, "Nilisema ni mivinje."

13 Agosti. Hesabu

Tapeli 4,000. Ukaguzi wa kaka 1,500. Nyumba 21,000. Mafuta ya gari, kwenda na kurudi, 11,200. Mitumba 2,350. Mifarishi 3,410. Kuni 900. Chakula 9,600. Ngangao 1,600. Mifuko ya maji moto 1,800. Kengele 2,800. Jumla 60,160, nimepita bajeti kwa 10,160. Ukimtoa tapeli, na ukikumbuka kwamba mifarishi, mifuko na kengele tunabaki navyo, si vibaya hivyo. Kuni mzigo mmoja ulibaki, tumemwachia mzee. Makaa nusu gunia yamerudi Malindi.

Mzee amepiga simu leo. Ameuona mfarishi aliojifunika mama, anataka mitatu kama huo kwa wageni wake. Nimemwambia 2,200 kila mmoja, na sufi nianze kuitafuta sasa.